Jinsi Kitosani Inavyoishika Ayoni ya Shaba

Ukitia unga wa kitosani katika maji yenye salfeti ya shaba na kuukoroga kwa muda, unga hugeuka samawati huku maji yakipauka. Rangi hiyo ndiyo iliyonivuta katika kemia ya uratibu, yaani tawi linalochunguza jinsi metali zinavyofungwa na molekuli zinazozipa jozi za elektroni, nami hadi leo huitumia kuwaonyesha wanafunzi kwamba shaba imefungwa kwa bondi halisi, wala haikunaswa kama vumbi kwenye kitambaa.

Kitosani hupatikana kutokana na kitini, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) iliyomo katika magamba ya kaa na kambamiti, inapochemshwa katika myeyusho mzito wa hidroksidi ya sodiamu hadi vikundi vyake vingi vya asetili vikatike na kuacha vikundi vya amini. Naitrojeni ya kila amini ina jozi ya elektroni isiyo na kazi, na jozi hiyo ndiyo inayotolewa kwa Cu²⁺, yaani ayoni ya shaba yenye chaji chanya mbili. Oksijeni za haidroksili zilizo jirani, pamoja na molekuli za maji, hujaza nafasi zinazobaki. Wataalamu wamejadiliana kwa muda mrefu iwapo ayoni hushikwa na amini moja au huwa daraja kati ya amini mbili; kwa maoni yangu hali zote mbili hutokea, kutegemea wingi wa shaba na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji.

Hiyo pH ndiyo inayostahili uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu protoni, yaani ayoni za hidrojeni zinazoongezeka uasidi unapozidi, nazo huigombania jozi ileile ya elektroni. Thamani ya pKa ya kitosani, yaani pH ambapo nusu ya amini zake zimetwaliwa na protoni, ni karibu 6.5, hivyo katika pH 3 takribani amini zote zimekwisha kutwaliwa na protoni, na mnyororo mzima, ukiwa na chaji chanya, huifukuza shaba. Ukiipandisha pH kupita 6, shaba huanza kutuama kama hidroksidi, na mtafiti asiye makini huyahesabu mashapo hayo kuwa shaba iliyoshikwa na polima. Mimi hufanya majaribio yangu karibu na pH 5, na ripoti inayotaja miligramu za shaba kwa gramu ya kitosani bila kutaja pH siwezi kuitumia.

Kwa kuwa kitosani huyeyuka katika asidi hafifu, mara nyingi minyororo yake hufungamanishwa kwa glutaraldehaidi, kemikali inayounganisha mnyororo mmoja na mwingine ili isiyeyuke, ingawa kifungo hicho hutumia amini zilezile tunazozihitaji. Kwa hiyo mimi hutia kiasi kidogo tu. Kisha shaba huondolewa kwa EDTA, kemikali inayokamata ayoni za metali, ambayo huishika shaba kwa nguvu zaidi kuliko kitosani, na unga hurudia umanjano wake.