Port Liner ya Kobe: Treni Isiyo na Dereva na Yanayosemwa Juu Yake

Video za Port Liner, treni ya mji wa Kobe nchini Japani, hazikosi watazamaji: abiria kaketi kiti cha mbele kabisa, pale ambapo dereva angekuwa, na treni inakata kona yenyewe juu ya bandari. Chini ya video hizo maoni ni yale yale.

"Hiyo ni akili bandia."

Hapana, ni ya zamani kuliko hapo. Port Liner ilianza kubeba abiria Februari 1981. Kobe ilikuwa imekata vilima vyake, ikamwaga udongo baharini na kupata kisiwa cha Port Island. Machi mwaka huo maonyesho ya Portopia '81 yakafunguliwa kisiwani, na umati ulihitaji kuvushwa kutoka kituo cha Sannomiya, katikati ya mji. Mfumo unaoiendesha hupokea amri tu: ondoka, usizidi mwendo huu, simama kwenye alama ile. Haubahatishi wala haujifunzi. Unamudu kazi hiyo kwa sababu njia ni yake peke yake, juu ya nguzo, hakuna pikipiki wala mtembea kwa miguu wa kukatiza. Kwa sasa treni hupita kando ya Fugaku, mojawapo ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani, na kituo cha hapo kimepewa jina la taasisi inayoiendesha. Lakini si Fugaku inayoendesha treni.

"Ilikuwa ya kwanza duniani."

Inategemea unahesabu nini. Mjini Morgantown, Marekani, vigari visivyo na dereva vilibeba wanafunzi wa chuo kikuu tangu 1975. Kobe iliingia mapema sana kwa treni ya mabehewa kadhaa inayohudumia umma wa mjini, na hiyo inatosha kuwa sifa.

"Inaelea kwa sumaku."

Haielei. Ina matairi ya mpira yanayokanyaga zege, na vyuma vya pembeni vinaielekeza. Mtu wa Dar es Salaam afikirie mwendokasi iliyopandishwa juu ya nguzo, ikanyang'anywa usukani.

"Hakuna mtu kabisa."

Wapo, ila hawakai mbele. Chumba cha uongozi hufuatilia kila treni, mafundi hukagua njia na magari, na wahudumu hupanda panapohitajika. Kazi ya kuchungulia kama kuna mtu ukingoni mwa jukwaa imepewa ukuta: kati ya abiria na njia kuna kizuizi chenye milango, na milango hiyo hufunguka treni ikishasimama mahali pake.

"Mashine haikosei", na kinyume chake, "siku moja itawaua wote."

Hapa pande zote mbili huruka mambo. Osaka, jirani wa Kobe, nayo ilifungua laini ya aina hii mwaka 1981. Oktoba 1993 treni yake haikusimama kwenye kituo cha mwisho cha Suminoekoen, ikagonga kizuizi, na watu zaidi ya 200 wakaumia. Juni 2019 ikawa zamu ya Yokohama: treni ya Seaside Line iliondoka kituo cha Shin-Sugita ikirudi nyuma badala ya kwenda mbele, ikajigonga mwisho wa njia baada ya mita kama 25 tu. Wachunguzi walikuta waya uliokatika, ule wa kuipelekea mota habari kwamba mwelekeo umebadilika. Mfumo uliamini treni inakwenda mbele. Mota ikabaki na mwelekeo wa zamani. Kwangu mimi kosa kubwa ni la usanifu: waya ukikatika, treni ilipaswa kugoma kuondoka. Laini ilirudi baada ya siku chache ikiwa na madereva, na uendeshaji wa kujitegemea ukasubiri hadi mwisho wa Agosti.

Tetemeko lililoipiga Kobe Januari 17, 1995 ni habari nyingine. Kilichoisimamisha Port Liner ni kuharibika kwa miundo iliyoibeba, na dereva hodari asingesaidia chochote. Ilirudi kazini kikamilifu mwisho wa Julai.

"Bila dereva, msongamano umekwisha."

Waulize wanaopanda Sannomiya asubuhi. Kisiwa kilipata hospitali, vyuo, na mwaka 2006 njia ikarefushwa hadi uwanja mpya wa ndege, lakini mabehewa ni madogo na ni sita tu kwa treni. Kutokuwa na dereva hurahisisha kuzituma treni kwa kupishana dakika chache, hakurefushi majukwaa.