Umesomea mahusiano kazini? Jifunze faili kwanza

Vijana waliomaliza shahada ya mahusiano kazini hunifuata hapa Nyakato, Mwanza, na karibu wote huanza vilevile: "Shikamoo, naomba nafasi ya uafisa rasilimali watu." Nafasi hizo ni chache, na wanazigombea na waliosomea utawala na biashara. Mimi huwauliza: bosi akitaka kumfukuza mtu leo, utaanzia wapi? Wengi hunitajia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Vizuri, lakini mimi nataka kusikia habari za faili, yaani karatasi za shauri la mtu huyo: barua, tarehe, kikao.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika kiwanda cha minofu, mkata minofu wa zamu ya usiku alituhumiwa kuiba sangara. Barua ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu alipewa saa tatu asubuhi, kikao kikawa saa nane mchana, siku hiyohiyo. Mwenyekiti alikuwa msimamizi yuleyule aliyemkamata. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka apewe angalau saa 48 za kujiandaa, na mwenyekiti asiwe mtu aliyehusika na tukio. Alitushtaki, tukashindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, na ilikuwa haki. Ile barua niliichapa mimi, na hadi leo naikumbuka tarehe yake.

Mtu anayeweza kuzuia kosa kama hilo hakosi pa kufanya kazi: viwandani, hotelini, migodi ya Geita. Serikalini wako maofisa kazi, wanaokagua kama sheria za kazi zinafuatwa. Nafasi zikitoka, hupitia Sekretarieti ya Ajira.

Upande wanaousahau ni vyama vya wafanyakazi, nao ndio naupenda zaidi. Chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi mahali pa kazi ndicho kinachotambuliwa kujadiliana na mwajiri mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya mishahara na masharti ya kazi, na mezani pale anahitajika mtu anayeweza kusoma hesabu za mishahara. Tena wanachama wanahitaji wa kuwakumbusha kwamba aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka shauri Tume. Nimepokea mama mmoja siku ya 34, barua yake imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Ikabidi tuanze kwa kuomba kuongezewa muda.

Kwa hiyo ukija kwangu, pamoja na CV niletee barua uliyoandika mwenyewe ya kumwita mtu kwenye kikao cha nidhamu: tuhuma, tarehe, saa, haki ya kuja na mwakilishi. Iwe kwa Kiswahili ambacho mkata minofu atakisoma na kukielewa akiwa amesimama getini.