Eti muvi za gemu zina laana? Tuwekane sawa kidogo

Kila ikitangazwa muvi mpya iliyotokana na gemu lazima atokee mtu aseme hizi zina laana, zinafeligi zote. Haya, imefeli kwa nani? Maana kuna hela, kuna wachambuzi, kuna mashabiki wenyewe, na hao watatu mara nyingi hata hawaelewani.

Dhana: zilikuwa zinadoda zote mpaka juzi juzi hapa

Zilianza vibaya, hilo sikatai. Super Mario Bros. ya 1993 ilikula karibu dola milioni 48 na hela haikurudi, Mario na Luigi wamepelekwa kwenye jiji la giza la watu waliotokana na dinosaria, unaangalia unajiuliza aliyeandika hii aliwahi kushika pedi ya kuchezea gemu kweli? Ila miaka miwili tu mbele Mortal Kombat ikaingiza zaidi ya milioni 120 kwa bajeti ndogo tu, 2001 Tomb Raider ya Angelina Jolie ikapita milioni 270, na Resident Evil ndo usiseme, muvi sita kuanzia 2002 mpaka 2016, jumla zaidi ya dola bilioni 1. Wachambuzi waliziponda karibu zote hizo. Sasa nani anatoa muvi ya tano na ya sita kwa hasara?

(Jina baya lingine tumshukuru Uwe Boll, mwongozaji Mjerumani wa muvi za House of the Dead na Alone in the Dark. Kipindi hicho sheria ya kodi ya Ujerumani iliwapa unafuu walioweka hela kwenye filamu, kwa hiyo hata muvi ikidoda maumivu hayakuwa makubwa sana.)

Dhana: wakifuata gemu kama ilivyo, lazima itoke kali

Hii ndo inanichosha kuliko zote. Chukua The Last of Us, najua ni series sio muvi, ila somo ni lile lile. Kwenye gemu mnafika kwenye mji wa Bill, jamaa mkorofi anayeishi peke yake na mitego kila kona, mnahangaika mpaka shuleni kutafuta betri ya gari huku mnapigana na mazombi, halafu mnakuja kumkuta mwenzake Frank ameshajiua na kaacha barua ya kumtukana Bill. (Kama hujacheza samahani, nimeshakuharibia.) Ukiwa na pedi mkononi sehemu ile inatisha kwa sababu anayeweza kufa ni wewe. Ukiiweka kwenye TV hivyo hivyo unakuwa unamwangalia mtu mwingine anacheza. Waliotengeneza series 2023 wakatupa betri, wakatupa shule, episodi ya tatu karibu yote ikawa mapenzi ya Bill na Frank mpaka wanazeeka, na Nick Offerman akabeba tuzo ya Emmy kwa kumcheza Bill. Na aliyekuwa anasimamia series pamoja na Craig Mazin ni Neil Druckmann, yule yule aliyeandika gemu, yaani mwenye mali mwenyewe ndo kakata.

Kwani Alice, mhusika mkuu wa muvi za Resident Evil, yuko kwenye gemu gani? Hayupo. Ila ukigusa mhusika ambaye watu wamekua naye hapo ndo utawajua mashabiki: trela ya Sonic, kile kinyama cha buluu cha kwenye gemu, ya Aprili 2019 ilimwonyesha ana meno kama ya binadamu, ikawa vurugu, wakamchora upya, muvi ikasogezwa kutoka Novemba mpaka Februari 2020, ikaingiza zaidi ya milioni 300.

Dhana: ikiingiza mamilioni, basi imelipa

Warcraft ya 2016 iliingiza zaidi ya milioni 430. Nyingi eeh? Bajeti ilikuwa kama 160 kabla ya matangazo, kumbi za sinema zinabaki na karibu nusu ya tiketi, na China, ambako zaidi ya milioni 200 zilitoka, studio ya nje inaambulia kama robo tu. Marekani hata 50 haikufika. Sehemu ya pili mpaka leo hakuna.

Dhana: weka mastaa, watu watajaa

Borderlands, 2024. Cate Blanchett, Kevin Hart, Jack Black, bajeti zaidi ya milioni 100, mapato hata 35 hayakufika. Jack Black huyo huyo mwaka uliofuata yuko kwenye ya Minecraft, zaidi ya milioni 900. Tuendelee.

Dhana: wachambuzi wakiiponda imekwisha

Five Nights at Freddy's ya 2023, iliyotoka kwenye gemu la kutisha, wengi wao waliikandia, na Marekani ilitoka sinema na mtandaoni siku moja, bado bajeti ya milioni 20 ikarudi karibu 300. Waliojaa kule ni watu waliokua wakifukunyua siri za hilo gemu YouTube, na muvi inawajua: MatPat, aliyepata jina kwa kuzichambua hizo siri, kawekwa humo kama mhudumu wa mgahawa na anatamka ule msemo wake wa nadharia. Kama humjui, umeona mhudumu tu anaongea.