Fikra inapokwambia "wewe ni mzigo"

Nikimuuliza mtu waziwazi, "Unawaza kujiua?", mara nyingi naona mabega yanamshuka. Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo kichwani. Halimtii. Linamtua.

Mimi ni mwanasaikolojia hapa Mombasa, natumia tiba ya fikra na tabia iliyoanzia kwa daktari wa akili Aaron Beck kule Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960. Utafiti uliochapishwa 2005 uliwafuata watu 120 waliokuwa wamejaribu kujiua. Waliopewa vikao kumi vya tiba hii, uwezekano wa kujaribu tena ndani ya miezi 18 ulipungua kwa takriban nusu. Vikao kumi tu!

Seremala mmoja (mambo yake nimeyabadilisha) aliniambia, "Dada, nikiondoka, nyumbani watapumua." Sikubishana naye. Ukimwambia "usiseme hivyo, ni dhambi", umemfunga mdomo. Nilichukua karatasi nikapiga mstari katikati: huku yanayoonyesha kwamba yeye ni mzigo, kule yanayokataa. Huku alijaza haraka: deni la dukani, kodi ya miezi miwili. Kule alikawia, akageuzageuza kalamu, kisha akaandika: "Binti yangu halali mpaka nirudi."

Deni halikufutika. Ila sentensi aliyotoka nayo ilikuwa nyingine: "Nina madeni, nimechoka, na mtoto ananingoja."

Karatasi hiyo haifai fikra zikishapamba moto. Hapo unahitaji mpango ulioandikwa ukiwa umetulia: dalili zako za mwanzo, la kufanya peke yako, wa kukaa naye, wa kumpigia, hospitali ya kukimbilia. Chochote unachohofia kujidhuru nacho akitunze mtu mwingine. Cha seremala yule kipo kwa shemeji yake. Lengo ni kuvuta muda, maana hata bamvua, yale maji makuu ya bahari, hupwa. Chini ya kitanda ana kopo la biskuti lenye picha ya binti, tasbihi ya marehemu mama yake na risiti ya kiti cha kwanza alichouza. Maji yakianza kujaa, hulifungua.

Kama yamejaa kwako sasa hivi, usikae peke yako. Mwite mtu, au nenda hospitali iliyo karibu. Kenya, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Wala usijifiche kwa kuhofia polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.