Moyo kwenda mbio si presha

Umeketi kwenye matatu pale Kondele, hujakimbia wala hujagombana na mtu, mara moyo unadunda kama ngoma. Jirani anaamua: "Hiyo ni presha." Siyo. Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Hapa tunazungumzia kasi ya mapigo.

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Ukihesabu 180, kisha kasi hiyo ikakoma ghafla kama ilivyoanza, huenda umeme unaoendesha mapigo ya moyo umepitia njia ya mkato, hata kwa kijana mwenye afya. Tatizo ni kwamba kipimo cha umeme wa moyo kikifanywa baada ya hapo, mara nyingi hakionyeshi kitu, nawe unaambiwa ni mawazo tu (linaudhi kweli). Ukizimia, ukiumwa kifua au ukikosa pumzi, kimbilia hospitali.