Askari wa Nchi Kavu Wanafanya Nini Ziwani? Ufafanuzi kuhusu Mkakati wa Majini

Kila inapokaribia Septemba 1, siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka 1964, sisi tunaofundisha masomo ya ulinzi hualikwa kuzungumza na wananchi kuhusu kazi za majeshi. Katika mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na hata Nansio ng'ambo ya maji, swali moja hujitokeza kuliko mengine: ikiwa nchi ina wanamaji, askari wa miguu wanatafuta nini ufukoni na visiwani? Wengi huuliza kwa nia njema. Wengine huuliza kwa kulalamika, hasa wavuvi walioombwa kupisha eneo wakati wa mazoezi ya kijeshi. Wote wanastahili kujibiwa kikamilifu, ila wapo wanaotoa majibu yao wenyewe kabla ya kusikiliza, na majibu hayo ndiyo yanayosambaa haraka.

Msingi wa jambo hili ni kwamba vita vya majini haviishii majini. Watu, mazao, reli na makao ya serikali viko nchi kavu. Meli iwe kubwa kiasi gani, lazima irudi mahali ipate mafuta, chakula na matengenezo, na mahali hapo pasipolindwa na askari wa ardhini, adui anaweza kupatwaa bila kuigusa meli yenyewe. Vivyo hivyo, kikosi cha nchi kavu kisicho na vyombo vya majini hakiwezi kufika kisiwani, wala hakiwezi kuzuia adui asishuke nyuma yake usiku. Kwa hiyo mkakati wa majini hupangwa kama mpango mmoja unaoamua nani atangulie, nani alinde na nani ashike ardhi, na wanamaji na askari wa nchi kavu hupewa sehemu zao ndani ya mpango huo.

Wapo wanaosema kwamba hayo ni mambo ya Bahari ya Hindi, na kwamba ziwa ni la wavuvi na polisi tu. Kauli hiyo si sahihi, na inasikitisha kuisikia Mwanza. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, karibu nusu yake ni ya Tanzania, na linapakana na nchi tatu. Zaidi ya hayo, hakuna manowari inayoweza kusafiri kwa maji kutoka Dar es Salaam hadi hapa. Chombo chochote kikubwa lazima kiundwe ziwani au kiletwe vipande vipande kwa reli na barabara, kama ilivyoletwa MV Victoria kutoka Scotland na kuunganishwa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nguvu ya majini katika ziwa huanzia kwenye reli, jambo lililothibitishwa hapa hapa zaidi ya karne moja iliyopita.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Waingereza walikuwa na reli iliyofika Kisumu tangu 1901, na kupitia reli hiyo walikuwa wamekwisha kuleta meli za abiria na mizigo kama Winifred na Sybil. Walizifunga mizinga, zikageuka meli za kivita. Wajerumani walikuwa na reli ya kati iliyopita Tabora kwenda Kigoma, lakini tawi la kuja Mwanza halikuwepo. Lilifika mwaka 1928, wao wakiwa wamekwisha kuondoka. Hapa Mwanza walitegemea hasa tishari moja dogo la kuvuta vyombo vingine, lililobeba jina la mji. Kwa hesabu ya meli peke yake, ziwa lilikuwa la Waingereza tangu mwanzo. Hata hivyo Mwanza ilibaki mikononi mwa Wajerumani hadi Julai 1916. Anayeamini kwamba mwenye meli nyingi ndiye mwenye ziwa anapaswa kuutazama muda huo kwa makini.

Mkasa wa Sybil unaonyesha sababu kwa karibu. Novemba 1914 meli hiyo iligonga mwamba kwenye pwani ya Majita, ikakwama. Ilikuwa umbali mfupi tu kutoka ufukweni, lakini wenye ufuko walikuwa Wajerumani, na mafundi wa meli hawawezi kuziba matundu na kuvuta maji huku wakipigwa risasi kutoka mlimani. Ilibidi mwaka 1915 askari washushwe kwanza, wauweke ufuko chini ya ulinzi wao, ndipo wanamaji wapate nafasi ya kuinasua. Chombo kilikuwa cha majini, hitilafu ilikuwa ya majini, na ufumbuzi ulianzia kwenye ardhi ya Majita.

Juni 1915 meli zilibeba askari kutoka Kisumu hadi Bukoba kwa lengo moja mahususi, yaani kuharibu kituo cha simu ya upepo (mawasiliano ya redio yasiyotumia waya) cha Wajerumani. Askari walishushwa kaskazini mwa mji, chini ya mwinuko mkali, wakapigana kwa siku mbili huku mizinga ya meli ikiwasaidia, wakabomoa mnara, kisha wakapandishwa tena melini na kuondoka. Mizinga ya meli peke yake isingeweza kuhakikisha kwamba mnara na mitambo yake vimeharibika. Askari peke yao wasingefika, na wakifika wasingerudi.

Mwaka uliofuata mpango ulikuwa mpana zaidi. Juni 1916 Waingereza waliiteka Ukerewe, ambako Wajerumani walikuwa wakipata mchele wa kulisha askari wao, na kwa hatua hiyo wakapata kituo cha karibu cha kuanzia safari ya Mwanza. Julai wakashusha askari mashariki mwa mji, mbali na mahali walipotarajiwa, na tarehe 14 Mwanza ikaanguka, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea kusini. Baada ya hapo mwendo ulipungua sana. Kuelekea Tabora hapakuwa na maji ya kupitishia meli, mizigo ikabebwa vichwani na wapagazi wa Kiafrika, ambao mateso yao hayajapewa nafasi inayostahili katika masimulizi ya vita vile, na Wabelgiji wakaingia Tabora kwanza, Septemba 19. Jeshi lilelile lililokwenda kwa kasi likiwa na meli lilichelewa lilipoachana nazo.

Mfano wa ushirikiano ulioharibika ni Tanga, Novemba 1914. Watu wengi wakitajiwa Tanga husema nyuki waliwashinda Waingereza. Nyuki waliuma pande zote mbili. Yaliyowashinda ni haya: manowari yao ilifika Novemba 2 na kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutoshambulia mji hayapo tena, muda ukapotea katika kutafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwepo, na wakati huo kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akawa analeta askari wake kwa reli kutoka Moshi. Askari wapatao 8,000 waliokuwa wamechoshwa na safari ndefu kutoka India walishushwa Ras Kasone, karibu na mji, bila kujua mbele yao kuna nini, mizinga ya manowari haikuwasaidia inavyopasa, na askari wapatao 1,000 wakawarudisha melini. Kamanda wa majini na kamanda wa ardhini walikuwa na mipango miwili katika safari moja.

Ndiyo maana taratibu zinazofundishwa leo ni nyingi, na naomba msomaji avumilie, kwa kuwa humo ndimo ushirikiano wenyewe ulimo. Operesheni ya kushusha askari hupita hatua tano: kupanga, kupakia, kufanya zoezi la marudio, kusafiri na kushambulia. Katika kupanga, wanamaji hukagua kina cha maji, miamba, upepo na, kwa ziwa letu, gugumaji linaloweza kunasa mapangaboi. Askari wa nchi kavu hukagua kilicho nyuma ya ufuko: barabara, maji ya kunywa, vilima, na njia ya kusonga mbele. Ufuko unaowafaa wanamaji unaweza kuwa mtego kwa askari, na unaowafaa askari unaweza kuvunja boti. Pande zote mbili lazima zikubaliane juu ya mahali pamoja, saa na mpangilio wa kushuka, na makubaliano hayo huandikwa.

Katika kupakia, kitakachohitajika kwanza hupakiwa mwisho. Dereva wa fuso anayeshusha mizigo Magu, Bunda na kumalizia Musoma hutanguliza ya Musoma anapopakia, na hapa kanuni ni hiyohiyo, isipokuwa kosa la mpangilio ufukweni linaweza kumwacha askari na bunduki isiyo na risasi. Risasi, dawa na redio hugawanywa katika vyombo kadhaa, ili kimoja kikizama zisipotee zote. Mamlaka nayo huwekwa wazi: askari wakiwa bado majini, kamanda wa wanamaji ndiye anayeongoza mwendo wa vyombo; kamanda wa nchi kavu akishaimarisha kituo chake ufukweni na mawasiliano yakathibitika, uongozi wa mapigano hukabidhiwa kwake, na makabidhiano hayo hutangazwa kwa pande zote. Jambo hili halibahatishwi wala halisubiri mabishano chini ya risasi.

Nchi yetu inao uzoefu wake. Machi 25, 2008, askari wa Tanzania walikuwa miongoni mwa majeshi ya Umoja wa Afrika yaliyovuka bahari pamoja na jeshi la Komoro na kuikomboa Anjouan, kisiwa cha Komoro, kutoka kwa kiongozi muasi Mohamed Bacar, ambaye alikimbilia kisiwa jirani cha Mayotte. Septemba 2012 Wakenya nao walishuka Kismayo, mji wa bandari wa Somalia, kutoka baharini wakati vikosi vingine vikikaribia kwa nchi kavu. Ziwani, wananchi wa Ukara wanakumbuka Septemba 2018, baada ya MV Nyerere kuzama, jinsi Mkuu wa Majeshi wa wakati ule, Jenerali Venance Mabeyo, alivyosimamia kazi ya kukiinua kivuko. Uokoaji ni kazi ya heshima, lakini haifuti kazi ya msingi ya wanamaji.

Kuhusu idadi ya askari, vyombo na vituo vilivyopo ziwani leo, makala haya hayatasema chochote, na mwananchi mwema hapaswi kutafuta taarifa hizo. Sheria ya Usalama wa Taifa, Sura ya 47, inalinda maeneo na taarifa za ulinzi, na kupiga picha katika maeneo hayo bila kibali ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Kusema kwamba picha ilitumwa kwenye kundi la familia tu si utetezi. Kuvaa sare ya jeshi bila mamlaka ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hata kama imenunuliwa mnadani. Anayekuta kitu chenye umbo la bomu ufukweni au kwenye nyavu asikiguse, awaondoe watoto na kutoa taarifa polisi.

Wavuvi wanaombwa kuulizia kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za mwalo) na kwa mtendaji kabla ya kutega, si baada ya boti kufika. Mwenye lalamiko la nyavu kukatika wakati wa mazoezi aliandike, akitaja tarehe, saa, jina la mwalo ulio karibu, aina na idadi ya nyavu, na aeleze kama aliona boti majini, askari ufukweni, au vyote viwili. Zoezi huwa moja, lakini wenye vyombo na wenye askari hutunza kumbukumbu zao kila upande, na bila maelezo hayo ni vigumu kulinganisha kumbukumbu hizo na kujua nani alipita hapo.