Kesi ya mtoto ina rufaa

Mama mmoja muuza dagaa soko la Mwanga, Kigoma, alifungua pindo la kanga akanionesha karatasi iliyokunjwa mara nne: hukumu ya mwanawe wa miaka 16, unyang'anyi wa kutumia silaha. "Wameniambia kesi ya mtoto haina rufaa, mwanangu."

Si kweli, na inaniuma kuona wazazi wakinyamaza kwa kuamini hivyo.

Nadhani kinachochanganya ni Sheria ya Mtoto ya 2009 yenyewe. Inasema kosa lolote la mtoto, isipokuwa la kuua, litamalizwa na Mahakama ya Watoto. Kumalizwa hapo ni kwamba kesi haipelekwi mahakama nyingine kuamuliwa. Sheria hiyohiyo inampa asiyeridhika haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu, na Kigoma ipo. Mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, kwa hiyo rufaa yake huenda Mahakama ya Rufani.

Tena, mtu mzima kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hufungwa miaka isiyopungua 30, lakini kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Ukikuta kifungo kwenye hukumu ya mwanao, hiyo ni hoja nzito ya rufaa. Omba nakala ya hukumu mapema, maana muda wa kukata rufaa una ukomo.